Nimesoma kwa jina la aliyenilea, pasipoti ina jina la aliyenizaa

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa kike wa miaka 28, nafundisha Kiingereza katika shule binafsi ya msingi hapa Tanga mjini. Naomba usilitaje jina langu. Hata hivyo tatizo langu lenyewe ni jina, kwa hiyo sijui hata ungetaja lipi.

Baba mzazi na mama waliachana nikiwa na mwaka mmoja na nusu. Kabla ya hapo alikuwa ameshanikatia cheti cha kuzaliwa chenye jina lake. Nilipofika miaka minne mama aliolewa Muheza na mtu ambaye mpaka leo namwita Baba. Wengine humwita baba wa kambo. Mimi neno hilo halinitoki mdomoni. Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza yeye ndiye aliyenishika mkono, na mwalimu alipouliza jina la baba wa mtoto, akataja la kwake. Kuanzia siku ile nikawa hivyo: daftari la mahudhurio, cheti cha kidato cha nne, cha sita, hadi shahada yangu ya Sanaa na Elimu.

Nilipoomba mkopo wa elimu ya juu niliambiwa majina ya vyeti vya shule hayaoani na ya cheti cha kuzaliwa, nikaukosa. Baba hakusema neno. Aliuza machungwa yakiwa bado maua mtini, misimu miwili mfululizo, kwa bei ya hasara, nikasoma. Nilipopata cheti cha kidato cha sita alikibeba mwenyewe hadi stesheneri akakilamineti, akasema mvua isije ikakigusa. Cha chuo nacho akakifanyia vilevile.

Kitambulisho cha NIDA nilikipata kwa kutumia cheti cha kuzaliwa, na pasipoti ikafuata. Kwa hiyo leo serikali inanijua kwa jina la mtu niliyemwona mara tatu maishani, na shule zote zinanijua kwa jina la Baba.

Sasa, rafiki yangu niliyesoma naye chuo anafundisha Thailand. Aliniunganisha na shule yake, nikafanyiwa usaili kwa video, na wamekubali kunichukua muhula unaoanza katikati ya Mei. Mshahara ni baht 25,000, ambazo kwa hesabu zangu zinakaribia shilingi milioni 2. Hapa nilipo nalipwa 350,000, na si kila mwezi. Wanataka pasipoti, shahada, matokeo ya chuo, cheti cha polisi cha kuonyesha sina rekodi ya uhalifu na matokeo ya mtihani wa Kiingereza, na vyeti viwe vimethibitishwa.

Nilikwenda kwa wakili. Akaniandalia rasimu ya hati ya kubadili jina, wenyewe wanaita didipoli, ili nibaki na jina la pasipoti peke yake. Mama, mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Katika ile karatasi kuna maneno matatu yamefuatana kuhusu jina la Baba, na yote matatu maana yake ni kuacha, kukana na kutupa. Nilishika kalamu nikashindwa kuweka sahihi. Nikamwambia nitarudi, sijarudi.

Kuna wakala mmoja anayesafirisha watu. Yeye anasema nisijisumbue. Ana mtu wa kunichapishia shahada na matokeo mapya yenye jina la pasipoti kwa siku mbili, na barua ya kazi ya miaka mitatu badala ya mwaka mmoja na miezi mitano niliyo nayo. Anasema shahada si ninayo kweli, tunarekebisha jina tu, nani Bangkok atauliza? Niingie kwa viza ya utalii, nyingine itapatikana hukohuko. Anataka 1,800,000 kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine.

Mama mzazi anasema nifanye lolote ila Baba asijue, kwa sababu ana presha na ataona nimeota mbawa, sasa namkana. Bibi naye anasema tangu mwanzo ilikuwa makosa, sisi ni Waislamu na mtoto huitwa kwa baba yake mzazi. Kila mmoja ana lake. Mimi usiku nalala na bahasha ya vyeti chini ya mto.

Nifanye nini?

Mwalimu wa majina mawili, Tanga

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale uliposhindwa kuweka sahihi. Wala usijione dhaifu kwa hilo. Uliulizwa na karatasi ya wakili swali ambalo nyumbani kwenu hakuna aliyewahi kuliuliza kwa sauti kwa miaka zaidi ya ishirini, tena ukaulizwa peke yako, kwenye benchi la ofisi.

Nikikuelewa vizuri, kuna mambo mawili uliyoyafunga kwenye bahasha moja. Moja ni la makaratasi: jina la shahada halifanani na la pasipoti, na kuna shule inasubiri. La pili ni la Baba: unaogopa kwamba ukilinyoosha la kwanza utamvunja mtu aliyeuza machungwa yakiwa maua. Nadhani wakala ameligundua hilo la pili bila wewe kumwambia. Anachokuuzia hasa ni njia ya kutomkabili Baba.

Nianze na pale penye uzito. Umeandika kama vile hati ya kubadili jina ina mlango mmoja tu, wa kulitupa jina la Baba. Sivyo ilivyo. Maneno yale matatu yaliyokuumiza ni ya kisheria na yamo karibu katika kila hati ya aina hiyo. Mtu akiacha jina moja na kushika jingine, ndivyo yanavyoandikwa. Lakini ni wewe unayesema unaacha lipi na unashika lipi. Wakili aliona pasipoti tayari ina jina la mzazi, akachagua njia fupi. Je, alikuuliza? Na wewe ulimwambia ulitaka kubaki na lipi?

Maana inawezekana pia kwenda upande wa pili: kushika rasmi jina ulilosomea, hati ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati, halafu NIDA na Uhamiaji wakarekebisha kumbukumbu zao kwa kuifuata. Vyeti vya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, na shahada vingebaki kama vilivyo, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu vyeti vya mitihani ndivyo vigumu zaidi kubadilishwa jina. Na hapa kuna jambo ningependa ulishike: hati hiyo hubadili jina unaloitwa, haibadili nani alikuzaa. Cheti chako cha kuzaliwa kitaendelea kumtaja baba yako mzazi kuwa baba yako. Huandiki uongo juu ya yeyote.

Njia hiyo nayo ina gharama zake. Inataka muda, na pasipoti mpya ina ada yake. Tena inagusa lile neno la bibi. Usilipuuze neno lake, maana suala la nasaba kwetu si dogo, na ndugu wa upande wa baba mzazi wanaweza siku moja kuuliza. Mimi si mwanachuoni wa dini. Kama linakukaa moyoni, mwendee sheikh unayemwamini umweleze kwa utulivu tofauti niliyoitaja, kati ya jina la kwenye makaratasi na kumtaja aliyekuzaa. Pengine atakuwa na la kukuambia ambalo mimi na bibi hatulijui.

Ipo njia ya tatu, laini zaidi: hati ya kiapo. Unaapa mbele ya wakili au hakimu kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja, ambaye ni wewe, na unaeleza kwa ufupi ilikuwaje. Humo hakuna kukana wala kutupa. Ukiambatanisha na barua ya chuo inayothibitisha kwamba aliyehitimu ni wewe, kuna waajiri wanaoridhika. Udhaifu wake ni kwamba utabaki na majina mawili, na kila ofisi utakayoingia, huku na huko, itabidi ueleze upya. Kuna ofisa atakayeelewa na kuna atakayekataa. Kabla hujachagua, mwandikie mwajiri wako wa Thailand umuulize waziwazi: je, shahada ikiwa na jina tofauti na pasipoti, mnapokea hati gani ya kuunganisha? Ni swali la mistari minne. Nimeshangaa kidogo kuona katika barua yako yote hakuna aliyewauliza wenye shule.

Sasa nije kwa huyo wakala. Nitakuambia ninachokijua, uamuzi ni wako.

Anasema shahada ni yako kweli, jina tu ndilo linarekebishwa. Ni hoja tamu, na ndiyo maana inaingia. Lakini angalia inavyokugeuza. Leo wewe ni mtu mwenye shahada halali yenye tatizo la jina. Ukiipokea ile iliyochapishwa, utakuwa na shahada ya kughushi mkononi, na ile ya kweli italala kabatini Muheza haiwezi kukutetea. Kanuni ya Adhabu yetu inaweka kifungo hadi miaka 7 kwa kughushi, na kuitumia hati ya kughushi ukijua ni kosa vilevile. Bila shaka unakumbuka Aprili 2017, watumishi wa umma 9,932 walipoondolewa kazini kwa vyeti vya kughushi. Wapo waliokuwa wamefanya kazi miaka mingi.

Na swali la nani atauliza, jibu ni kwamba kule kuna wa kuuliza. Mwalimu mgeni anayefundisha katika shule za Thailand huhitaji ama leseni ama ruhusa ya muda kutoka Baraza la Walimu la nchi ile, linaloitwa Khurusapha, na uhalali wa shahada huweza kuulizwa moja kwa moja chuoni. Chuo chako kikiandikiwa kuhusu mhitimu mwenye jina la pasipoti, kitajibu kwamba hakimjui. Kitakuwa kimesema kweli.

Kuhusu viza ya utalii, sitakuficha: wapo walioingia hivyo na shule ikawabadilishia wakiwa ndani. Hutokea. Lakini njia iliyonyooka ni viza ya kazi iitwayo Non-Immigrant B, inayoombwa kabla ya safari kwa barua ya shule. Ubalozi wa Thailand ulio Nairobi ndio unaohudumia Watanzania, na tangu Januari 2025 maombi hufanyika mtandaoni. Viza hiyo hukupa siku 90 za kuanzia, na ndani ya muda huo shule hukuombea kibali cha kazi. Ukikamatwa unafundisha bila kibali, faini ni baht 5,000 hadi 50,000 na kurudishwa nyumbani. Wakala hatakuwa darasani siku hiyo. Na barua ya miaka mitatu, je, shule iliiomba, au ni wakala aliyeona haitoshi? Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba shule imeshakukubali na mwaka wako mmoja na miezi mitano. Huyo wakala nafasi yake hasa ni ipi katika jambo ambalo rafiki yako alikuunganisha bure? Mawakala wa ajira hapa nchini wanatakiwa kuwa na leseni. Unaweza kumwomba akuonyeshe, kisha ukaulizie ofisi ya kazi au TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira.

Kuna na hili la mwisho wa mwezi. Shule za Thailand huwa na mihula miwili, wa kwanza kuanzia katikati ya Mei na wa pili mwanzoni mwa Novemba. Sisemi shule yako itakusubiri, huenda wakamchukua mwingine, na hasara hiyo ni ya kweli kwa mtu anayelipwa 350,000 kwa kusuasua. Lakini ukiikosa Mei, Novemba ipo, na usaili ulioufanya vizuri haujafutika.

Ukiamua kufuata njia ya halali, yoyote kati ya zile, naomba uzingatie mfuatano, maana hapa ndipo vijana wengi hupoteza pesa. Jina kwanza. Usikimbilie mtihani wa Kiingereza kabla jina halijatulia, kwa sababu ukienda kufanya IELTS pale British Council Dar es Salaam utajisajili kwa pasipoti, na matokeo yatatoka na jina lililomo. Yakishatoka, yana uhai wa miaka 2 na ada hairudi. Cheti cha polisi nacho kiache mwishoni. Utachukuliwa alama za vidole na kitaandikwa jina la kitambulisho chako, halafu balozi na waajiri wengi hawataki kilichozidi miezi 3 au 6. Dada mmoja aliyewahi kuniandikia alianza nacho akijiona mwerevu. Pasipoti ilipotoka, cheti kilikuwa kimeshapitwa na muda, akarudi foleni.

Baada ya hapo ndipo mihuri. Ukisoma mtandaoni utaona wenzio wa nchi nyingine wanataja apostili, muhuri mmoja unaotambulika kwenye nchi zilizojiunga na mkataba wa The Hague wa mwaka 1961. Lakini vyeti vyetu hupita njia ndefu: nakala inathibitishwa na wakili, inakwenda Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozini. Tenga wiki, si siku. Na kila karatasi uikague herufi kwa herufi kabla hujatoka dirishani, maana ukishapata muhuri wa wizara juu ya jina lililokosewa, umeongeza kazi.

Umenitajia vyeti vilivyolaminetiwa. Kuna ofisi zinazokataa cheti cha aina hiyo kwa kuwa karatasi haishikiki wala kugongwa muhuri. Tafadhali usijaribu kuibandua plastiki kwa pasi wala kwa wembe. Wino hutoka nayo. Mara nyingi muhuri hugongwa kwenye nakala iliyothibitishwa, na asili huonyeshwa tu. Wakikataa kabisa, kaulize chuoni utaratibu wa kupata nakala nyingine rasmi.

Nimeandika mengi juu ya karatasi, sasa turudi kwa Baba.

Mama yako anasema asijue kwa sababu ya presha. Anamjua mumewe kuliko mimi, sitabishana naye. Ila ningependa nikuulize: kweli hajui? Alikuwepo ulipokosa mkopo kwa sababu majina hayakuoana. Pale pale angeweza kununa, kudai, au kusema basi nenda kwa baba yako. Akauza machungwa. Mtu huyo alishalibeba hili jambo peke yake kimyakimya, na inawezekana ndiye mtu pekee katika nyumba ile ambaye hangeshtuka ukilitaja. Inawezekana pia ataumia. Sijui, na wewe hujui, kwa sababu mnachokijua wote ni kile ambacho mama anahofia.

Ukiona vyema kumwambia, si lazima uende na uamuzi mkononi. Kuna tofauti kati ya kumwambia mzazi "nimeamua hivi" na kumwambia "Baba, nimekwama, nilikalishe vipi jambo hili?" Watu wa umri wake wakiombwa shauri hupata mahali pa kusimama. Muonyeshe ile rasimu, umsomee maneno matatu kwa Kiswahili, umwambie ulishindwa kuweka sahihi. Nadhani hilo peke yake atalisikia kabla hajasikia habari ya Thailand. Na kama akikuambia mwanangu chukua jina la mzazi wako, jina langu unalo moyoni, hiyo nayo itakuwa imetoka kwake, si kwa wakili. Kama unahofia presha, msubiri siku aliyokunywa dawa na kupumzika, mama awepo, na bibi asiwepo kwanza.

Ukiona bora asijue, hilo pia ni lako kuamua. Hati ya kiapo inaweza kufanyika bila yeye. Didipoli ni ngumu zaidi kuifanya kimya, na Muheza ni padogo. Jiulize tu utakuwa na hali gani akija kulisikia sokoni kwa mtu mwingine wakati wewe uko mbali na huwezi kumpigia magoti.

Bahasha itoe chini ya mto, uiweke mahali pakavu. Piga nakala ya kila kitu, mbili mbili, moja abaki nayo rafiki au ndugu unayemwamini. Kisha andika ile barua ya mistari minne kwenda kwa wenye shule, leo kama unaweza, maana jibu lao litakuonyesha ni milango mingapi hasa iliyo wazi kabla hujapanda gari la Muheza. Ukilipata, niandikie tena uniambie wamesemaje. Na Baba, ukimwona, mpe salamu zangu.

Mama yako wa ushauri